Jozi Saba za Mabano

Mkurugenzi wa hospitali alitaka jambo liishe kabla ya saa sita mchana. Wakubwa wakisema jambo liishe, hawana maana kwamba ukweli upatikane; wana maana kwamba apatikane mtu wa kubebeshwa. Na mtu alikuwa ameshapatikana. Alikuwa kwenye chumba cha kuhifadhia karatasi, ghorofa ya pili, konstebo mlangoni: binti wa miaka ishirini na sita, mwandishi wa msimbo wa tovuti, yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata, asiye na cheti hata kimoja cha kutundika ukutani. Saa sita gari lingekuja kumpeleka mahakamani kwa kosa la kusababisha kifo.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Inspekta aliyepewa kesi hiyo, watu walimwita Msasa akiwa hayupo. Yeye alijua, na jina lilimpendeza. Aliingia polisi kama mpiga chapa wa masijala, akapiga chapa ripoti za mabwana wenye nyota mabegani kwa miaka tisa, mpaka akawa anajua kila bwana anakosea wapi kabla bwana mwenyewe hajafungua mdomo. Mengine yote alijifunza peke yake, kwa vitabu vya kuazima.

Alikuwa ametoka wodi namba nne, kwa bibi wa kadi ya rufaa 4417. Bibi huyo alipasuliwa moyo Alhamisi, akawa mzima, akawa hataki kusema. Kila alipoulizwa alifumba macho na kuguna. Msasa alimwacha agune, akatazama kabati dogo la pembeni ya kitanda. Kitana, miwani, na chupa ya chai ya rangi ya kijivu iliyojaa supu. Ubavuni mwa chupa kulikuwa na kibandiko cheupe kilichoandikwa kwa mashine: KITENGO CHA KOMPYUTA, 09. Aliandika namba hiyo kwenye daftari, akashuka.

Kwenye korido, nje ya mlango wa mkurugenzi, mjane alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa moja. Mumewe alikuwa mshona magodoro. Alhamisi ileile alikuwa namba moja kwenye foleni ya upasuaji wa moyo, na hospitali ile hupasua moyo mmoja kwa wiki. Asubuhi walipofika waliambiwa foleni imebadilika, yeye sasa ni wa Alhamisi ijayo. Jumapili alikata roho akiwa anatafuta viatu vyake.

"Mama, bado uko hapa?" Msasa aliuliza.

"Niende wapi, mwanangu? Wameniambia nisubiri." Mjane aliikunja kadi ya marehemu, akaikunjua. "Na yeye walimwambia asubiri."

Msasa alipanda ngazi mbilimbili.

Yule binti ofisini walimwita Palizi. Alikuwa amekaa juu ya mlundo wa fomu zilizopitwa na wakati, hajalala, macho mekundu. Msasa alimwekea mapajani karatasi moja. Ilikuwa na mistari minne ya msimbo iliyochomekwa kwenye faili la foleni, Jumanne saa saba na dakika kumi mchana, kwa jina lake. Mistari minne tu: faili la wagonjwa liitwe, kama kadi ya rufaa ni 4417, zamu iwe namba moja, jibu lirudishwe. Basi. Maisha ya mtu yaliondoka hapo.

Karatasi hiyo walikuwa wameiona watu wawili tu, Msasa na fundi wa maabara ya polisi aliyeichapisha. Palizi alikuwa wa tatu. Wengine wote waliambiwa faili limebadilishwa, nukta.

Palizi aliisoma. Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyepewa maziwa yaliyoharibika.

"Afande, hii si mistari yangu."

"Kila niliyemkamata ameniambia hivyo."

"Basi futa hilo. Hii mistari ni michafu."

"Michafu vipi?"

"Hesabu mabano."

Msasa alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Jozi saba."

"Yenye kazi ni jozi moja, hiyo inayozunguka sharti la 'kama'. Sita zilizobaki ni mapambo." Palizi alipiga karatasi kwa ukucha. "Afande, lugha hii ya tovuti ina amri zinazojitosheleza. Amri ya kuita faili jingine. Amri ya kuonyesha kitu. Amri ya kurudisha jibu. Unaitaja, unaweka kitu chako mbele yake, umemaliza. Huyu kazifunga zote kwa mabano. Tazama, hata namba moja kaifunga. Namba moja itakwenda wapi? Ni kama kutia kufuli kwenye pazia."

"Lakini mashine inafanya kazi."

"Inafanya. Ndiyo maana wavivu hawaachi. Mashine haina macho ya kuchoka, afande. Anayesoma ni mtu. Yapo mabano ya kweli, yanayosema hiki kihesabiwe kwanza, kile baadaye. Ukijaza ya uongo kila mahali, jicho linachoka, linayaruka yote. Ukiwa na kitu cha kuficha, unakificha humohumo."

Tangu Januari binti huyu alikuwa anayapalilia. Faili moja baada ya jingine alitoa mabano yasiyo na kazi, akibakiza yenye kazi. Ndiyo asili ya jina lake, na walimpa kwa dharau. Alikuwa amemaliza mafaili thelathini na moja. La thelathini na mbili lilikuwa la foleni.

"Ulifika?"

"Sikufika. Mkuu wa kitengo aliniletea barua." Aliikumbuka neno kwa neno: faili la foleni lisiguswe hadi atakapoelekeza yeye.

"Lini?"

"Jumatano asubuhi."

Msasa aliandika: Jumanne mchana, mistari. Jumatano asubuhi, barua.

"Na jina lako limefikaje pale?"

"Sisi tuna kompyuta moja tu ya kupandishia kazi kwenye seva, ile ya dirishani. Mkuu aliona tabu kila mtu kuweka nywila yake. Akasema ifunguliwe kwa jina langu Jumatatu, ifungwe Ijumaa. Mwenzangu Redio akipandisha, jina langu. Mkuu akipandisha, jina langu."

"Ulisema haya kwa mkurugenzi?"

"Nilisema. Akaniuliza nimesoma chuo gani."

"Bibi wa 4417 anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama yako."

"Ndiyo, na huniita mwanangu. Mtaa mzima anauita mwanangu, hadi muuza mkaa. Sikujua hata kama anaumwa. Tuliambiwa amesafiri."

"Nani mwingine anaandika mabano namna hii?"

"Wote wawili. Redio yeye huacha nafasi ndani ya mabano, utadhani anamtandikia mtu kitanda. Mkuu huyabana."

Ya kwenye karatasi yalikuwa yamebanwa. Lakini kubana si ushahidi, kubana kunaigwa. Na mfagizi alimwona Redio mbele ya kompyuta ya dirishani, Jumanne ileile, mchana uleule. Msasa aliikunja karatasi, akatoka bila kumpa binti pole. Pole haijawahi kumtoa mtu ndani.

Saa nne na robo aliwakalisha watatu kwenye chumba cha mafunzo, kila mmoja meza yake, karatasi nyeupe na penseli. Palizi mbele. Redio katikati, kijana mnene wa miaka thelathini na tano ambaye mdomo wake haukuwa na swichi. Na nyuma, amekunja nne, mkuu wa kitengo mwenyewe, aliyejulikana jengo zima kwa jina la Shahada kwa sababu alikuwa nazo tatu na hakukaa na mtu dakika tano bila kuzitaja.

"Afande," alisema Redio, "nikikosa herufi moja, nafungwa miezi mingapi?"

"Ulikuwa unafanya nini kwenye kompyuta ya dirishani Jumanne saa saba?"

"Saa saba na nusu. Nilikuwa natazama mpira. Ile ndiyo yenye kioo kikubwa." Alimtupia jicho mkuu wake. "Samahani, bosi. Tulifungwa mbili."

"Andika, Redio."

"Inspekta," Shahada alisema kwa sauti ile ya watu waliozoea kunyamaziwa, "nimefundisha chuo kikuu miaka kumi na minane. Unanipa mimi mtihani wa penseli?"

"Ndiyo, mwalimu. Una dakika kumi."

Hakumkumbuka. Msasa alimkumbuka vizuri sana. Miaka kumi na mmoja nyuma aliomba nafasi kwenye kozi yake ya jioni, na fomu ikarudi ikiwa na maneno mawili kwa wino wa kijani: mpiga chapa. Fomu bado anayo.

Aliwasomea swali polepole. Waliite faili la wagonjwa. Kama mgonjwa ni mahututi au amesubiri mwaka, na vilevile vipimo vyake vimekamilika, warudishe namba yake ya zamu. Mwisho waonyeshe jina lake. Hakutaja mabano. Alikwenda dirishani akawapa mgongo, na kupitia kioo aliona Shahada akiandika mstari, akiufuta kwa nguvu, akauandika tena.

Karatasi zilirudi. Ya Palizi ilikuwa na jozi mbili za mabano: moja ya sharti, na moja ndani yake, iliyofunga yale mawili, mahututi au mwaka, yapimwe pamoja kabla ya suala la vipimo. Ya Redio ilikuwa na jozi nane, kila moja imeachiwa nafasi ya kujigeuza, pamoja na mchoro mdogo wa goli. Ya Shahada ilikuwa na jozi moja.

Msasa aliitia hiyo ya mwisho ndani ya daftari lake.

"Redio, nenda kazini. Palizi, rudi kwa konstebo, dakika chache tu. Mwalimu, twende ofisini kwako. Nina kiu."

Ofisi ya Shahada ilinukia dawa ya kung'arishia mbao. Shahada zake tatu zilitundikwa chini ya taa zao wenyewe, utadhani mapera ya kuuza. Kila kitu kilikuwa na kibandiko cheupe: kiti, mashine ya kubania karatasi, hata chungu cha ua la plastiki.

"Karatasi yako safi sana," Msasa alisema, akaketi bila kukaribishwa.

"Nimezoea usafi."

"Tangu lini?" Aliweka mezani kijitabu chembamba. "Haya ni maelezo yako ya darasani, toleo la mwaka huu. Ukurasa wa kumi na mbili unasema mwandishi mwenye nidhamu hufunga kila kitu kwa mabano. Maneno ya nani haya?"

"Yangu. Lakini huo ni ushauri kwa wanaoanza."

"Na hii ni kazi yako ya mwezi uliopita, imetoka kwenye kompyuta yako. Mabano. Ya wiki iliyopita. Mabano, mpaka namba umezifunga. Ya jana asubuhi, saa mbili, mabano. Leo saa nne na robo, kwa penseli, mbele ya polisi, mabano yamekwisha. Yamekwenda likizo?"

"Mtu hujifunza, Inspekta."

"Kwa nani? Kwa yule uliyemwita fundi wa vibandani mbele ya bodi?"

Shahada alitabasamu upande mmoja. "Sikiliza. Mimi si mtoto. Nilijua mngetafuta namna ya kumwokoa yule binti kwa kunigeuzia mimi mtindo wangu. Mtu yeyote anaweza kuchomeka mistari minne yenye mabano, aseme ni yangu. Nikaamua nisiwape nafasi hiyo."

"Mistari mingapi?"

Tabasamu lilibaki usoni, lakini lilikuwa limeshakufa.

"Mistari mingapi, mwalimu?"

"Nimesema kwa mfano tu."

"Mkurugenzi hajui ni mingapi. Redio hajui. Wewe jana niliposema faili limebadilishwa, uliniuliza faili gani. Nikaandika hapa, tazama, uliuliza faili gani. Leo unajua mistari ni minne, na unajua imejaa mabano. Nani alikusomea?"

"Yule binti hana wimbo mwingine zaidi ya mabano! Jengo zima linajua!"

"Anauimba tangu Januari na hujawahi kuitikia. Leo umeitikia mpaka umepitiliza." Msasa aligeuza karatasi ya penseli imtazame mwenyewe. "Umeogopa mabano, ukabakiza ya sharti tu, ukang'oa mengine bila kuchagua. Umeng'oa hata jozi yenye kazi, ile ya ndani. Soma ulichoandika. Hapa mashine inaunganisha mwaka na vipimo kwanza, halafu mahututi anabaki peke yake. Maana yake mgonjwa mahututi asiye na kipimo hata kimoja anaingizwa kupasuliwa. Miaka kumi na minane umefundisha watu kufunga kila kitu, na wewe mwenyewe hukujua lipi limeshika nini. Redio kaacha yake nane kwa sababu hakujua kuna neno. Binti kaacha mbili kwa sababu anajua kazi. Wewe peke yako ndiye uliyejificha."

"Huo si ushahidi wa mahakamani."

"Sijamaliza. Nimekwambia nina kiu." Alisimama, akavuta mlango wa kabati la vioo nyuma ya meza. Ufunguo ulikuwa mlangoni, umening'inia kwenye pete ya funguo za Shahada, na mwingine haukuwapo. Ndani kulikuwa na chupa za chai za kijivu, zimepangwa mstari, vibandiko vimetazama mbele. Alizisoma kwa sauti. "Saba. Nane. Kumi. Ya tisa iko wapi?"

"Ilivunjika."

"Iko wodi namba nne, kwa mgonjwa wa kadi 4417. Haina hata ufa. Ina supu." Alifunga kabati taratibu. "Yule bibi ni nani yako?"

Shahada alitazama shahada zake, moja baada ya nyingine.

"Niende nikamuulize mke wako?"

"Mama mkwe," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka ngazi. "Ni mama yake mke wangu. Alikuwa namba tisa. Daktari alisema hafiki namba tisa. Wewe ungefanya nini?"

"Yule mshona magodoro alifanya nini?"

"Sikujua kama atakufa! Ilikuwa wiki moja tu!"

"Na kompyuta ya dirishani?"

"Ilikuwa wazi. Mimi sikumchagua yeye. Ilikuwa wazi tu."

"Na walipomfungia kwenye chumba cha karatasi? Siku mbili hizi ulikuwa unapita mlangoni kwake kwenda msalani. Ulimpita mara ngapi?"

Shahada alipangusa midomo. "Hana hata cheti," alisema. "Nilidhani hana cha kupoteza."

Msasa alikuwa amesikia maneno makubwa mengi katika kazi yake, ya majambazi na ya mawakili. Hayo aliyaandika jinsi yalivyo, akapiga mstari chini yake.

Kisha alimsogezea fomu ya maelezo na kalamu. Shahada aliandika kwa mwandiko mzuri, wa mviringo, mwandiko wa mtu aliyesifiwa tangu utotoni. Ilimchukua robo saa. Msasa alimpigia konstebo simu amlete Palizi ghorofa ya chini, benchi la korido, na gari la mahakamani lisirudishwe. Abiria tu ndiye aliyebadilika. Halafu aliisoma ile fomu.

Ilisema kwamba yeye, mkuu wa kitengo, alirekebisha mpangilio wa foleni (kwa sababu za kibinadamu) na kwamba kutokana na marekebisho hayo mgonjwa mmoja (mshona magodoro, sasa marehemu) alicheleweshewa huduma.

Msasa aliirudisha mezani.

"Toa mabano."

"Samahani?"

"Hayo ya kwanza yamebeba uongo. Hayo ya pili yamebeba mtu. Umemuweka ndani kama vile msomaji akitaka anaweza kumruka. Andika upya."

"Hiyo ni lugha tu, Inspekta. Maana haibadiliki."

"Basi haitakugharimu kitu."

Shahada aliandika, akachana, akaandika tena. Mara ya tatu ndipo fomu ilipotoka sawa, na ilikuwa fupi. Msasa alipiga muhuri, akashuka nayo mwenyewe. Saa sita kasoro dakika nane. Palizi alikuwa ameketi ncha moja ya benchi, mjane ncha ya pili, hawajuani, wote wanatazama mlango mmoja uliofungwa.

Alisimama mbele yao, akasoma kwa sauti ya kusikika hadi ndani kwa mkurugenzi:

"Mshona magodoro alikuwa namba moja. Mimi ndiye niliyemshusha."

Mjane alinyoosha mkono apewe karatasi. Hakuwa na miwani. Alimpa Palizi, akasogea karibu, akasema, "Nisomee tena, mwanangu. Polepole."